Nyundo ya Pili

Shekiondo alitoa pete ya mnyororo motoni ikiwa nyekundu, akaiweka kwenye fuawe, akaigonga mara moja. Kisha akangoja. Miaka yote mkewe, Mwanahija, ndiye aliyejibu kwa nyundo ndogo, wakapokezana hivyo mpaka pete ifungike. Jana ndugu walianua matanga yake.

Pete ikapoa ikiwa bado wazi.

Akairudisha motoni, akagonga, akangoja tena.

Bi Tatu, jirani aliyefuata mnyororo wake wa kisima, alishindwa kuvumilia. Akanyoosha mkono kuichukua nyundo ndogo. "Nikusaidie, fundi."

"Ngoja, Bi Tatu. Hapo ni zamu yake."

Bi Tatu akaketi kizingitini. Pete ikatoka motoni, ikagongwa mara moja, na wote wawili wakaitazama ikigeuka nyeusi.