Memori ya Shamira

Joy alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya Shamira, bisibisi mkononi, jasho likimtiririka. Ofisi ilikuwa tupu, watu wote wakiwa wameenda kula. Shamira alikuwa ameenda kuswali Ijumaa, na kabla ya kutoka alimwambia, "Nichungie mashine, dadangu."

Basi hivi ndivyo Joy alivyoichunga.

Kompyuta zao mbili katika ofisi ya chama cha wakulima, Kitale, zilinunuliwa siku moja. Baadaye ile ya Shamira ikaongezewa memori, na tangu hapo ile ya Joy ikaonekana kobe. Mkulima wa Endebess angeleta mahindi, akanywe chai, arudi, na bado risiti yake haijatoka.

Festus, fundi wa kompyuta, alikuwa amemweleza. "Watu hudhani kasi iko kwa kioo kikubwa. Wapi! Prosesa ndiyo kichwa, diski ndiyo stoo, lakini memori ndiyo meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, si kila saa utaamka kwenda stoo? Ongeza memori kwanza, halafu utaniambia."

Joy aliomba anunuliwe. Akaambiwa angoje.

Angengoja vipi? Tawi la Bungoma lilihitaji karani, na meneja, Mzee Wekoye, alikuwa ametangaza: "Wiki ijayo nitaangalia kazi yenu, nijue nani anaenda na nani anabaki." Mwanawe Joy, Levi, alikuwa akilelewa Bungoma na nyanya yake. Alipomtembelea mara ya mwisho, mtoto alijificha nyuma ya sketi ya nyanya na kuuliza, "Kukhu, huyu auntie ataenda saa ngapi?" Joy alilia njia nzima ya kurudi Kitale.

Tena mwaka uliopita, Mukhwana, bingwa wa kusinzia juu ya kibodi, alipewa uhamisho wa Cheptais, kwao kabisa. Kama Mukhwana alipata, mwenye bidii angekosaje?

Joy akachomoa kile kipande cha memori, akakichomeka kwenye mashine yake, akakaza skrubu. Shamira aliporudi alimletea sambusa mbili za moto. Joy alizitafuna kama anayetafuna karatasi.

Wiki iliyofuata mashine ya Joy ilikimbia. Risiti zilitoka hata kabla mkulima hajashusha pumzi. Upande wa pili Shamira alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena, na foleni yake ikafika mlangoni.

"Mama, tulale hapa ama?" mzee mmoja akamfokea.

Shamira akajipangusa macho kwa pembe ya mtandio. "Sijui nimekosa nini, Joy. Ati mashine imeamua tu kunichukia."

"Pole," Joy akasema, na aibu ikamchoma. Mara mbili alishika bisibisi akitaka kurudisha kitu cha watu. Mara mbili akamkumbuka Levi, akaiweka chini.

Ijumaa, Mzee Wekoye akawaita wote wawili ofisini kwake.

"Shamira, wiki hii umenivunja moyo bana."

Shamira akainamisha kichwa. Joy hakuthubutu kumtazama. Alijiambia kwamba akishafika Bungoma atampigia simu, amweleze kila kitu, aombe msamaha. Moyoni alikuwa tayari anamwogesha Levi jioni, anamfundisha taratibu kumwita mama.

"Lakini huyu Joy!" Mzee Wekoye akapiga meza kwa furaha. "Wiki nzima kwake hakuna foleni. Wakulima hata wameanza kumwulizia kwa jina."

"Asante, Mzee," Joy akasema.

"Sasa nitakuwa mjinga wa aina gani, niwapatie watu wa Bungoma karani kama huyu? Shamira, funga mizigo, Jumatatu uripoti huko. Joy, wewe hutoki Kitale mpaka mimi nistaafu."