Dozi ya Twahir

Daktari alikuwa bado anaeleza dalili Msafiri alipoinuka kwenda dirishani kuangalia kama kuna aliyeizibia njia pikapu yake. Akarudi, akaketi, akainuka tena kutafuta funguo. Funguo alikuwa amezishika mkononi.

"Endelea, dokta, nakusikia."

Dk. Ashok akaendelea. Mtoto wa namna hii, alisema, hatulii kitini. Anaanza hili, analirukia lile, na hakuna hata moja analolimaliza. Anakatiza watu maneno. Anapoteza vitu. Twahir, mwenye miaka tisa, aliyekuwa amekaa katikati ya wazazi wake akichezesha miguu, alisikiliza kuliko wote. Mama yake, Swabaha, aliangalia sakafu.

"Umemtaja yeye hasa," Msafiri alidakia. "Sasa tuanze na dozi kubwa."

"Tunaanza na ndogo, tunapandisha taratibu huku tukimwangalia."

"Dokta, mimi sijaja kupanga foleni ya serikali."

Ndivyo alivyokuwa. Tangu watu binafsi waruhusiwe kufungua hospitali, Msafiri aliamini hata ugonjwa unamsikiliza mwenye hela. Shule nayo alimtafutia mwanawe ya kulipia, ya Kiingereza kitupu, akaitangaza mtaa mzima wa Kaloleni kabla mtoto hajanunuliwa soksi. Sasa mwalimu mkuu, Mwalimu Elizabeth, alikuwa ametoa neno: Twahir asipotulia na kumaliza kazi zake kabla ya muhula kwisha, atafutiwe shule nyingine. Msafiri alikosa raha. Aliogopa aibu, hilo halina ubishi, lakini tusimwonee, mtoto wake alimpenda pia.

Nyumbani kwake hakuna aliyethubutu kumwambia jambo usoni. Angebisha kabla hujafika katikati, halafu angeondoka. Swabaha alishalijua hilo zamani, kwa hiyo neno la kumwambia baba alilipitisha kwa mtoto.

"Twahir mwanangu," angesema, huku mumewe yuko palepale nyuma ya gazeti, "hivi mtu akisimamisha kuta Olasiti, akaziacha bila bati, akakimbilia kufungua mashine ya kusaga Kisongo, mvua itamsubiri?"

Twahir alijua hapaswi kujibu. Gazeti lingekohoa, na kesho yake fundi angepigiwa simu. Maji ya kunawa ya baba, sahani ya baba, lawama za baba, vyote vilipita mikononi mwa Twahir.

Dawa Msafiri aliisimamia mwenyewe, hakumwamini mtu. Kila asubuhi alimwekea mtoto kidonge kiganjani, akamwambia, "Haya, mbele yangu." Kisha honi ikalia nje, au akakumbuka tairi, au akamwona jirani wa kubishana naye, akatoka mbio. Akirudi alimkuta Twahir anamkorogea chai ya tangawizi, taratibu, kwa adabu.

"Kidonge kimeisha?"

"Kimeisha, baba."

"Safi." Akainywa chai yake huku amesimama.

Waliporudi kliniki, Msafiri alitoa taarifa kabla hajaulizwa. "Nafuu ipo, lakini ya kudonoadonoa. Pandisha."

"Chakula anakula?"

"Huyu? Anakula chake na cha dada yake."

Dk. Ashok alikunja uso. Dawa ile kwa kawaida hupunguza hamu ya kula. Labda dozi ilikuwa bado haijafika, alisema, akaipandisha.

Hapo ndipo nyumba ilipotulia. Zamani Msafiri akikaa na mwanawe kufanya hesabu za shule, kufika ya pili alikuwa ameshamburuta kwenda kuona vifaranga au kushika tochi chini ya gari. Sasa walikaa mezani mpaka hesabu ya mwisho, na madaftari yakafungwa yamejaa. Olasiti bati zikapanda. Gazeti likasomwa lote, mpaka matangazo ya vifo.

"Dawa ya mtoto imenipumzisha hata mimi," aliwaambia wenzake msikitini, nao wakamsifu kwa moyo wake wa kuhangaikia wanawe. Mkanda wa suruali alikuwa ameutoboa tundu jipya. Alisema ni mawazo ya ujenzi.

Muhula ulipokaribia kwisha, Mwalimu Elizabeth alimwita. Twahir anamaliza kazi zake, alisema, na nafasi yake mwakani ipo. Msafiri alitoka ofisini macho yamemlowa, na hakuona haya.

Alikwenda kliniki kumshukuru daktari. Aliketi, mikono juu ya magoti, akamsikiliza mpaka mwisho. Swabaha alimtazama mumewe kama mgeni aliyekuja na zawadi.

Dk. Ashok alimpima Twahir uzito. Ulikuwa umeongezeka. Akamshika mapigo ya moyo, akayasikiliza mara mbili, akarudia kusoma dozi aliyoandika. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu familia ile ianze kuja, alikigeuza kiti chake kikamwelekea mtoto.

"Twahir, ukishameza hii dawa unajisikiaje?"

Twahir alimwangalia mama yake, akamwangalia baba yake, akaona aibu ya mtu anayelazimishwa kusema siri ya wakubwa mbele yao.

"Mimi sijawahi kumeza. Nampa baba kwenye chai. Si siku ile ulikuwa unamsema yeye kupitia kwangu, kama mama?" Akasogea karibu na daktari, akashusha sauti. "Ila naomba umpunguzie kidogo. Siku hizi chakula hakimpiti."