Maziwa Yasiyo na Mfano

Siku hizo maziwa ya mama yalikuwa hayapimwi sumu tena. Mashine ilitafuta wanawake ambao maziwa yao yalifanana na yako, ikaangalia watoto wao walikuaje, kisha ikakuambia kama yako yana sumu.

Mama mmoja, Sikudhani, aliyetia batiki rangi za kemikali mpaka mimba ikafika miezi minane, alipojifungua alidondosha tone la maziwa yake kwenye mashine. Mashine ikatafuta weee.

"Hayupo anayefanana nawe," ikasema. "Usinyonyeshe."

Akampigia wifi yake, Zuhura.

"Wifi, mimi nilipata wenzangu elfu tatu!" Zuhura akacheka. "Kwani wewe ulizaliwa sayari gani?" Kisha sauti ikashuka. "Mpe tu ya kopo, mama."

Ya kopo mtoto alikuwa anayatapika tangu asubuhi. Sasa hata kulia alikuwa halii vizuri.

Mashine ikasema tena, kwa upole: "Ukikubali kunyonyesha, watakaofanana nawe kesho watapata pa kulinganisha. Mtoto wako atakuwa wa kwanza."

Sikudhani akatazama mlangoni, kana kwamba kulikuwa na mtu wa kumuuliza. Kisha akafungua vifungo vya gauni. Mtoto akalishika titi kwa pupa, akatulia.

"Asante," mashine ikasema, ikaanza kuhesabu pumzi za mtoto, moja moja.