Maana ya Tano

Hakuna aliyetoka katika chumba cha Mwalimu kabla ya kutoa maana zote za kitenzi cha siku. Aliyezitoa zote alipewa ruhusa, akaenda zake; aliyekosa hata moja alibaki. Sheria hiyo haikuandikwa popote, wala haikuhitaji kuandikwa, kwa kuwa Mwalimu mwenyewe alikuwa sheria yenye miguu.

Siku hiyo Fundi alibanwa pande zote. Mbele yake alisimama Mwalimu, wima kama mlingoti, kipande cha chaki mkononi. Nyuma yake palikuwa na mlango uliofungwa kwa nje. Kando palikuwa na dirisha la nondo, na chini ya dirisha, barabarani, gari la gereji lilimngoja huku injini ikinguruma. Asubuhi msimamizi wake alikuwa amemwambia, bila kupandisha sauti, kwamba ruhusa hii ndiyo ya mwisho. Gari likirudi bila yeye, asijisumbue kuja kesho. Nyumbani kwake kulikuwa na vinywa vilivyoitegemea gereji ile, wala hapakuwa na gereji nyingine iliyokuwa ikimwita.

Aliketi kwenye kiti kifupi, magoti juu, mikono ikinuka grisi ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa kuitoa. Kando yake alikaa mwanamke mwenye kilemba cha buluu. Mwalimu alimwita huyo Chiriku, kwa sababu kunyamaza kulimshinda. Fundi alikwisha kubandikwa jina la Goigoi, na jina likamkaa kama shati la kupimiwa.

Kitenzi cha siku kilikuwa cha Kiingereza: give up. Mwalimu aliwaeleza, kama alivyokwisha kuwaeleza mara nyingi, kwamba vitenzi vya Waingereza ni kama vijana wa nyumba njema. Kimoja kikiwa peke yake kina adabu zake. Kikishapata rafiki mdogo wa kufuatana naye, hakuna ajuaye kitalala wapi. Aliyasema hayo bila kutabasamu. Gauni lake lilikuwa limekosewa kifungo, upande mmoja ukapanda juu ya mwenzake, na kati ya wale wawili hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Maana ni tano," alisema. "Chiriku, simama."

Chiriku akasimama. Akasema ni kuacha jambo, kama mtu aachavyo sigara. Akasema ni kusalimu amri. Akasema ni kumpisha mkubwa kiti, na tena ni kumtoa aliyejificha na kumkabidhi kwa wanaomsaka. Hapo akanyamaza, yeye asiyejua kunyamaza, akatazama sakafu iliyopigwa deki mpaka ikang'aa.

"Na ya tano?"

"Ni kumkatia mtu tamaa, Mwalimu. Kama madaktari wanapomtazama mgonjwa wakasema, huyu basi."

"Sawasawa. Umefaulu. Nenda kwenu, binti, na uwasalimu wazazi wako."

"Salamu zitafika, Mwalimu."

Mtu aliyefaulu hutoka kichwa juu. Huyu alitoka amejifunika macho kwa ncha ya kilemba. Aligonga, ufunguo ukazunguka, akapita. Mwenye ufunguo hakuufunga mlango tena. Aliuacha wazi kidogo, apate kuona kama kuna wa pili.

"Goigoi."

Fundi akasimama. Maana nne zilimtoka bila kukwama, moja baada ya nyingine, kama mtu afunguaye nati alizozifunga mwenyewe. Barabarani honi ikalia.

"Na ya tano?" Mwalimu akauliza. "Mwenzako ameisema sasa hivi. Hata ukuta umeisikia."

Fundi naye alikuwa ameisikia. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, imeiva, ikimngoja. Maneno matatu tu, na mbele yake kulikuwa na mlango ulio wazi, ngazi, gari, kazi yake na chakula cha wanawe. Honi ikalia mara ya pili, ndefu, ya mtu aliyechoka kungoja. Fundi akafungua kinywa.

"Ni kupanda mlima, Mwalimu."

Mwalimu akamuuliza kama kichwa kile alipewa cha kufikiria au cha kutundikia kofia. Fundi akasema hajui. Mwalimu akasema hilo nalo linaonekana.

Barabarani honi haikulia tena. Injini ilipandishwa, gari likaondoka, mngurumo ukapungua na kupotea kwenye kona. Fundi aliusikiliza mpaka mwisho. Alijua kwamba kesho hana pa kwenda, akakaa chini kwenye kiti chake kifupi.

"Basi utabaki," alisema Mwalimu.

Akaiweka chaki. Akavuta kiti kingine, akaketi karibu naye kabisa, magoti yakagusana. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akamfuta alama ya grisi shavuni, polepole, akimshika kidevu asigeuke.

"Kila siku unakuja mchafu hivi," alimwambia, na sauti haikuwa tena ile ya ubaoni. "Kaa hapa nisahihishe madaftari. Nikimaliza tutakwenda nyumbani pamoja. Baba yako atakuwa amekwisha kuteleka maji ya chai."

Mezani hapakuwa na daftari hata moja. Fundi akaitikia kwamba atangoja.

Mlangoni, muuguzi aliinua ufunguo, akamuuliza Chiriku, aliyekuwa bado amesimama nje, kwa sauti ya chini kama amngojee na yule wa pili.

"Funga tu, Sista," Chiriku akamjibu. "Jana nilikosa mimi. Leo ni zamu ya kaka kuwa na mama."