Macho Yamefika

Siku hizi kipa hachaguliwi kwa kudaka. Anakalishwa kitini, nukta ya mwanga inakimbia ukutani badala ya mpira, na mashine inamsoma macho. Yakitangulia pale nukta itakapofika, basi amepita. Mpira wenyewe haurushwi, usije ukamuumiza mtu.

Salha alikuwa ameshinda mkoa mzima. Kesho angeondoka kwenda kulinda goli la taifa, na nyumbani maandazi yalikuwa yanachomwa kwa fujo.

"Kipa wa taifa, daka!" kaka yake, Hemedi, akamrushia chungwa.

Macho ya Salha yalifika kabla ya chungwa. Mikono ilibaki mapajani. Chungwa likamgonga kifuani, likaviringika hadi uvunguni.

"Lahaula! Macho yamewahi, mikono bado inavaa viatu!"

Salha hakucheka. "Rusha tena."

Hemedi alirusha tena na tena. Macho hayakukosea hata mara moja.

"Acheni mchezo," mama alisema. "Mashine imeshasema anajua." Akamnyooshea kikombe cha chai ya moto. "Shika, mwanangu."

Salha alikitazama kikombe kikimjia.

"Kiweke mezani, mama," alisema.