Baiti Mbili za Bure

"Moja, nne, moja. Hiyo si sita?" Chande aliigombeza kompyuta.

Alikuwa akiandika programu ya kengele ya friji ya chanjo. Namba ya friji ilihitaji baiti moja, jotoridi nne, betri moja. Lakini kompaila, programu inayomtafsiria mashine maandishi yake, ilikipa kila kipimo baiti kumi na mbili. Kwa ukubwa huo kumbukumbu ingejaa Jumapili, zahanati ikiwa imefungwa, na friji ikizima nani angejua?

Sababu aliijua. Namba ya baiti nne lazima ianzie kwenye nafasi inayogawanyika kwa nne, kwa hiyo mashine hujiachia mapengo. Akaitanguliza namba ya jotoridi, zile mbili ndogo zikafuatana nyuma yake. Nane. Sasa kumbukumbu ingefika Jumatatu.

"Bado mbili zinakaa bure! Jamani!"

Nyuma yake nesi Sikudhani alikuwa akipanga maboksi ya chanjo kwenye friji, akiyaachanisha. Hasira zikamhamia yeye.

"Na wewe dada, nafasi zote hizo za nini? Si uyasukume tu yaenee?"

"Nikiyabana, kaka, baridi itapita wapi?"

Chande akaingiza kidole kati ya maboksi mawili, akakiacha humo mpaka kikaanza kufa ganzi.