Taa ya Jemadari

"Hata hii siyo," fundi cherehani alisema, akairudisha taa ya nne mezani. "Ndugu yangu, nihurumie. Mke wangu anatoka hospitali leo saa kumi."

Muuza samaki wa mapambo alishusha pumzi. "Mzee, taa nyeupe ndiyo inayofaa. Haichoshi samaki, na kioo hakishiki ukungu wa kijani. Unataka nini tena?"

Fundi alitaka wekundu. Alichomoa mfukoni kipande cha uzi mwekundu, akakiweka kwenye kioo, kando ya samaki mpya aliyemchagua. Miaka thelathini analinganisha nyuzi na vitambaa. Lakini samaki wa madukani, lo, wote rangi ya chungwa!

Jemadari, samaki wa nyumbani kwake, alikuwa mwekundu. Marehemu mwanawe ndiye aliyemleta nyumbani ndani ya mfuko wa maji, miezi miwili kabla ya ajali. Tangu mazishi, mama mtu haishi kukaa mbele ya tangi lile. Kulisafisha ni yeye, taa ni yeye, mume asiguse. Na juzi, mama akiwa wodini, mume kagusa. Taa ikamponyoka, ikatumbukia majini na umeme wake. Taa kwisha, Jemadari kwisha, wekundu wake kwisha.

"Akijua, atakufa," fundi alinong'ona. "Nitazika wa pili."

Muuza samaki alikuna kichwa. "Iko moja nyekundu, ila haina soko kabisa. Aliwahi kuinunua mama mmoja tu, akabeba mbili."

Akaiwasha. Samaki akaiva wekundu, sawasawa na uzi. Fundi almanusura alie.

Saa kumi mkewe aliingia, mkono tumboni palipo na mshono, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Akamtazama samaki. Akaitazama taa, muda mrefu.

"Taa umeitoa wapi, mume wangu?"

"Ile... ile ya zamani iliungua."

Mkewe alifungua kabati la nguo, akapapasa chini ya mashuka, akatoa boksi dogo. Ndani mlikuwa na taa kama ileile, haijawashwa hata siku moja.

"Samaki wa mwanetu alikufa wiki ileile tuliyomzika mtoto, nikaweka mwingine," alisema, machozi yakimtoka. "Niliogopa, ukijua, utamfuata mwanetu."